Anzia kwa "Mwanachama Mpya": kisa cha fomu iliyokwama Busia

Malalamiko yalikuja jioni kwa ujumbe wa sauti, kutoka kwa mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo pale Busia, upande wa Uganda. "Kijana wetu, ukurasa wa mwanachama unakwama. Si siku zote. Kwa karani wa sokoni unafunguka vizuri, kwangu mimi unazunguka mpaka tableti inachemka. Tufanyeje, na keshokutwa ni siku ya marejesho?"

Mfumo wa kompyuta wa chama hicho ninautunza kutoka Kampala, karibu kilomita 200 kutoka mpakani. Skrini zake zote ni za Kiswahili, kwa sababu wanachama ni wauza mahindi, samaki na mivumba wanaotoka pande zote mbili za mpaka, na lugha inayowakutanisha mezani kwa karani ni hiyo. Siku ya marejesho foleni huanza mapema. Mwenye duka anayesubiri ukurasa ufunguke ana duka lililofungwa, kwa hiyo neno la mhasibu sikulichukulia kama usumbufu mdogo.

Ni programu ya wavuti ya ukurasa mmoja. Kivinjari kinapakua index.html, faili la ukurasa wenyewe, mara moja tu, na baada ya hapo ukibonyeza kiungo seva haileti ukurasa mpya. AngularJS, maktaba ya JavaScript inayoiendesha programu, inasoma anwani iliyo juu, inaitafuta kwenye orodha ya njia zake, kisha inaleta kiolezo cha njia hiyo, yaani kipande cha HTML kisicho na kichwa wala miguu, na kukibandika palipoandikwa ng-view. Mwenzangu aliyeujenga mfumo kabla yangu aliweka kila kiolezo kwenye faili lake, na alikuwa na sababu nzuri. Makarani hununua bando kwa pesa zao, na tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Karani asiyefungua ukurasa wa mikopo hana haja ya kuulipia. Nakubaliana naye mpaka leo.

Siku ya kwanza niliushuku mtandao. Anayeijua Busia atanielewa: ukisogea hatua chache simu inanasa mnara wa upande wa pili, na data inakatika katikati ya kazi. Nikamwomba mhasibu achague mtandao kwa mkono, ahame chumba, azime na kuwasha. Alifanya yote kwa subira, na ukurasa ukaendelea kukwama. Nikaishuku tableti yake, kumbe ya karani ndiyo kuukuu zaidi, na kwa karani mambo yalikwenda. Nikazishuku data zenyewe: labda kuna wanachama wenye mikopo mingi kiasi cha kuulemea ukurasa. Lakini mwanachama namba 12 alifunguka kwa karani na kukwama kwa mhasibu saa ileile, na mkopo wake ni mmoja tu.

Kisha nikafungua kumbukumbu za seva na kutafuta makosa: 404 ya faili lisilopatikana, 500 ya seva iliyoanguka. Hapakuwa na hata moja. Kila ombi lilikuwa limejibiwa 200, yaani sawa. Nikahitimisha kwamba seva haina hatia, na hitimisho hilo lilinila siku nzima, kwa sababu lilikuwa kinyume kabisa cha ukweli.

Nikapanda basi kwenda Busia, nikaketi nyuma ya meza ya mapokezi siku ya marejesho. Sikugusa kitu. Nilitaka kuona vidole vyao vinavyopita kwenye skrini tangu asubuhi. Mhasibu aliingia, akagusa "Wanachama", akachagua jina, ukurasa ukaganda. Karani, mama mtu mzima aliyekaa na chama miaka mingi, aliingia, akagusa "Mwanachama Mpya", fomu tupu ikafunguka, akarudi nyuma bila kuandika chochote, akagusa "Wanachama", akachagua jina lilelile. Likafunguka.

Nikamuuliza, "Mama, mbona umepitia kwa Mwanachama Mpya na hakuna mgeni hapa?"

"Mwanangu, si ndiyo dawa yake? Ukianzia pale, siku nzima haikusumbui. Nimewafundisha na wale wa tawi la sokoni. Shida ni tableti ikilala wakati wa chakula. Nikiiamsha inaganda tena, basi naanza upya kwa Mwanachama Mpya."

Maneno hayo yalikuwa na uchunguzi wote ndani yake. Kumbe kilichoamua ni mahali mtu alikopitia kabla ya kufika, na wala si nani anayeufungua wala mwanachama gani anafunguliwa. Na kile kilichopatikana kwa kupitia huko kilikaa kwenye kumbukumbu ya kichupo peke yake, maana Android ikikifuta kichupo kilicholala ili kupata nafasi, dawa inakwisha nguvu.

Nikathibitisha kwenye kompyuta yangu. Dirisha jipya la faragha, orodha ya wanachama, jina: kuganda. Dirisha jingine, fomu tupu kwanza, orodha, jina: sawa. Nikarudia mpaka nikaridhika kwamba bahati haimo. Kisha nikazisoma upya njia kwenye msimbo, safari hii nikiuliza swali moja tu: ukurasa wa mwanachama na fomu tupu vinashirikiana nini? Jibu lilikuwa mbele yangu. Vinashirikiana kiolezo. Njia ya /mpya na njia ya /wanachama/:id (:id ni namba ya mwanachama) zote mbili zinaitisha templates/mwanachama.html. Fomu ni ileile, moja inakuja tupu na nyingine imejazwa.

Itazame vizuri anwani ya kiolezo hicho. Haianzi na mkwaju, alama ya /. Ni anwani ya kuelekeza kutoka pale uliposimama. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Uganda na mwingine Kenya. Ukimwambia mtu kwa simu "nipo Busia, duka la tatu mkono wa kulia ukitoka mpakani", atafika duka fulani kweli, ila duka lipi itategemea amesimama upande gani wa geti. Kivinjari hufanya vivyo hivyo. Kikipewa anwani isiyoanza na mkwaju, kinachukua anwani ya ukurasa wa sasa, kinakata kila kitu baada ya mkwaju wa mwisho, kisha kinaunganisha. Ukiwa /mpya, kinachobaki ni / peke yake, na kiolezo kinaombwa /templates/mwanachama.html, mahali kilipo. Ukiwa /wanachama/12, kinachobaki ni /wanachama/, na kiolezo kinaombwa /wanachama/templates/mwanachama.html, mahali pasipo na kitu. Tena AngularJS hubadilisha anwani ya juu kwanza, ndipo inaleta kiolezo, kwa hiyo hata aliyefika kwa kubonyeza kiungo kutoka kwenye orodha amekwisha kuhesabiwa kuwa amesimama ndani ya /wanachama/.

Dawa ya karani ilifanya kazi kwa sababu AngularJS huhifadhi kila kiolezo ilichokileta kwenye ghala lake la ndani, $templateCache, na huhifadhi kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye msimbo, kabla ya kivinjari kulikamilisha kuwa anwani nzima. Fomu tupu ikishafunguka, "templates/mwanachama.html" imo ghalani. Ukurasa wa namba 12 ukiitisha jina hilo, unapewa cha ghalani na kivinjari hakiulizwi chochote. Ghala hilo liko kwenye kumbukumbu ya ukurasa, likifa pamoja nao. Ndiyo maana baada ya chakula mambo yalirudi palepale.

Lakini kiolezo kisichopatikana kingepaswa kuleta kosa na nafasi nyeupe katikati ya ukurasa. Kwa nini tableti ichemke? Nikarudi kwenye kumbukumbu za seva, sasa nikitafuta anwani yenyewe na kuacha kutafuta makosa. Ilikuwepo, imejaa: /wanachama/templates/mwanachama.html, 200. Na ukubwa wa jibu ulilingana na ukubwa wa index.html baiti kwa baiti. Nikaiomba kwa curl, zana ya kuiomba seva anwani bila kivinjari, kwenye terminali, nikasoma mstari wa kwanza wa jibu. Ulianza na tangazo la doctype, mstari unaofungua ukurasa kamili wa HTML. Kiolezo chetu hakina tangazo hilo. Kinaanza moja kwa moja na fomu.

Seva ilikuwa inatii amri iliyopewa. Programu ya ukurasa mmoja isiyotumia alama ya # kwenye anwani zake lazima iwe na kanuni ya aina hii kwenye Nginx, programu ya seva inayojibu maombi:

    location / {
        try_files $uri /index.html;
    }

Maana yake: faili likiwepo lilete, lisipokuwepo leta index.html. Bila hiyo, mtu akipakia upya akiwa /wanachama/12 atapata 404, kwa kuwa hakuna faili la jina hilo. Kanuni ni ya lazima. Kosa ni kuiacha ijibu maombi ya kila namna. Seva haijui kama anayeuliza ni binadamu anayetaka ukurasa au msimbo unaotaka kiolezo. Kwa wote wawili inatoa index.html na kusema sawa.

AngularJS ikaipokea index.html ikidhani ni kiolezo, ikaibandika ndani ya ng-view. Ndani ya index.html kuna ng-view. Hiyo nayo ikauliza njia ya sasa ina kiolezo gani, ikapewa kilekile, ikakibandika, na ndani yake mna ng-view nyingine. Ni kioo kilichotazamana na kioo. Juu ya hayo, jQuery, maktaba nyingine ya JavaScript, ilikuwa imepakiwa kabla ya AngularJS, na jQuery ikiingiza HTML yenye skripti huziendesha. Kwa hiyo kila mzunguko ulijaribu pia kuianzisha AngularJS yenyewe upya, na konsoli ya kivinjari ikajaa onyo kwamba imepakiwa zaidi ya mara moja. Onyo hilo nililiona siku ya kwanza. Nilidhani kuna mtu ameweka skripti mara mbili, nikaitafuta hiyo ya pili, nikaikosa, nikaliacha. Tangu hapo, kila ninapoliona kwenye programu yenye njia za namna hii, ninachokagua kwanza ni kama kuna kiolezo kinachojibiwa kwa index.html.

Ilibaki kujua kwa nini tatizo lilianza majuzi ilhali mfumo una miaka. Historia ya msimbo ilieleza, na inaeleza kwa namna inayonifanya nimwonee huruma aliyekuwa zamu. Mfumo ulipandishwa kutoka toleo la 1.5 la AngularJS hadi 1.8. Kuanzia 1.6, kiambishi cha anwani kilibadilika chenyewe kutoka #/ kuwa #!/, na viungo vyote vya zamani vilivyoandikwa #/wanachama vikawa vinazaa anwani za ajabu zenye #!/#%2Fwanachama. Kurudisha kiambishi cha zamani kungekuwa mstari mmoja. Yeye akaona ni nafasi nzuri ya kuachana na # kabisa, akawasha html5Mode, hali ya kuandika anwani bila alama hiyo. AngularJS ikakataa kuwaka, ikieleza kwamba katika hali hiyo inahitaji tegi ya base kwenye ukurasa, yaani alama ya HTML inayotaja anwani ya kuanzia kuhesabu. Badala ya kuweka tegi, akaandika requireBase: false, yaani tegi isidaiwe, na kosa likanyamaza.

Wakati wa # anwani za violezo hazikuwa na tatizo hata kidogo, maana chochote kilicho baada ya # hakihesabiwi kuwa sehemu ya njia ya ukurasa. Hata ukiwa ndani kiasi gani, kwa kivinjari umesimama mlangoni. Kuiondoa # ndiko kulikowafanya watu waanze kusimama mahali tofauti, na tegi ya base ndiyo ambayo ingemwambia kivinjari, popote alipo, ahesabu kutoka mlangoni. Kosa lile lililonyamazishwa lilikuwa limetaja kinga yenyewe kwa jina.

Kuna jambo moja dogo linalonishangaza hadi sasa. Fomu tupu ingekuwa na anwani ya /wanachama/mpya, kama wengi tunavyoandika, kiolezo kingekosekana kila upande, ukurasa ungekwama kwa kila mtu siku ya kwanza, na aliyewasha html5Mode angeliona tatizo kabla ya kwenda nyumbani. Ni kwa sababu fomu ilikuwa /mpya, ngazi moja tu kutoka mlangoni, ndiyo maana kosa lilijificha nyuma ya mazoea ya watu.

Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko safari ya basi. Niliweka base yenye href="/" kwenye kichwa cha index.html, juu kabisa, kabla ya kiungo chochote cha mitindo au skripti, kwa kuwa tegi hiyo inapaswa kutangulia chochote kitakachoitegemea. Nikaifuta requireBase: false. Kila templateUrl, yaani anwani ya kiolezo kwenye msimbo, nikaianzisha na mkwaju, ingawa base peke yake ingetosha. Sikutaka usalama wa mfumo utegemee mstari mmoja ambao mtu anaweza kuuondoa akidhani hauna kazi. Kisha kwenye Nginx:

    location ~ /templates/ {
        try_files $uri =404;
    }

Alama ya ~ ni muhimu. Inaifanya kanuni iguse anwani yoyote yenye /templates/ ndani yake, hata ile ya uongo inayoanza na /wanachama/. Ningeandika location /templates/ bila hiyo, anwani ya uongo ingeendelea kupewa index.html na kosa lijalo lingejificha kama hili. Picha, mitindo na skripti nazo nimezitengea kanuni ya aina hiyo kwa miisho ya majina yake.

Seva ilipoanza kusema 404 kwa ukweli, AngularJS nayo ikaanza kutoa tukio la $routeChangeError ambalo muda wote halikuwa na nafasi ya kutokea. Nimelifungia ujumbe: "Ukurasa huu haukupatikana. Piga picha ya skrini, mtumie fundi." Mhasibu aliuomba uwe na maneno machache, na machache ndiyo yaliyobaki.

Base ilileta athari yake, na ninaitaja kwa sababu itamkuta yeyote atakayeiweka kwenye mfumo wa zamani. Chini ya ripoti ndefu kulikuwa na kiungo cha kurudi juu, chenye href="#juu". Baada ya base, kivinjari kilikisoma kama /#juu, na aliyekibonyeza akatupwa ukurasa wa mwanzo. Nilikibadilisha kuwa kitufe kinachosogeza ukurasa kwa msimbo. Tableti mbili nazo ziliendelea kukwama siku iliyofuata, kwa kuwa zilikuwa bado na index.html ya zamani. Nimeiambia seva iitume index.html kwa no-cache, ili kivinjari kiulize kila mara kama kuna mpya kabla ya kutumia iliyohifadhiwa. Faili ni dogo, na isipobadilika jibu ni fupi, bando haliumii.

Niliulizwa na mwenzangu kwa nini nisivifungashe violezo vyote kwenye faili moja la skripti, vijazwe ghalani tangu mwanzo. Ingefanya kazi, na zana za kufanya hivyo zipo. Lakini ingeondoa dalili na kuiacha seva ikiendelea kusema sawa kwa kila kitu, na ingemrudishia karani gharama ya kurasa asizozifungua. Nimeandika badala yake hati fupi inayoendeshwa kabla ya kila toleo. Inaomba kila kiolezo kilichotajwa kwenye njia, kwa anwani ya ngazi moja na ya ngazi mbili, na kukataa toleo likijibiwa chochote kinachoanza na doctype. Inaomba pia kiolezo cha jina la kubuni, na kukataa toleo lisipojibiwa 404.

Wapo watakaosema AngularJS ni ya zamani, na ni kweli: Google iliacha kuihudumia rasmi mwisho wa Desemba 2021, na chama kinapaswa kuhama. Ila kosa hili litahama nacho tusipoangalia. Kwenye mifumo mipya inayogawa msimbo vipande, toleo jipya likiwekwa vipande vya zamani hufutwa. Aliyeacha kichupo wazi tangu jana anabonyeza kiungo, kivinjari kinaomba kipande cha zamani, seva yenye kanuni ileile inampa index.html, na kivinjari kinakikataa kwa kuwa kilitegemea JavaScript na kimepewa HTML. Au skripti ya kawaida inalalamika juu ya alama ya "<" isiyotarajiwa. Alama hiyo ni herufi ya kwanza ya doctype.

Nilipompigia karani kumwambia sasa anaweza kuanzia popote, alisema ameshajaribu, tableti imelala na kuamka na namba 12 imefunguka. Kisha akaniuliza kuhusu majina matupu. Dawa ile ilipoenea tawi la sokoni, kuna waliofungua fomu ya Mwanachama Mpya na badala ya kurudi nyuma wakagusa "Hifadhi", siku baada ya siku, na sasa rejista ina wanachama wasio na jina wala simu. Nilitaka kuwafuta wote kwa amri moja. Akanizuia. Wawili kati yao, alisema, ni watu wa kweli walioandikishwa nusu umeme ulipokatika, na daftari lake la mkono linajua ni akina nani. Anawapitia mwenyewe, mmoja mmoja, jioni baada ya kufunga, na mimi nimemwongezea kitufe cha kufuta kinachoonekana kwake na kwa mhasibu tu.